Kompyuta Yenye Kamati

Kosa langu lilikuwa kuunda kamati.

Nyumbani kwetu Chaani, Mombasa, ukimwomba mtu kitu mkiwa wawili, anakupa ushauri. Ukimwomba mbele ya watu, anakupa kitu, kwa sababu wenzake wanamtazama. Ndivyo watu wetu wanavyooza watoto, wanavyozika na wanavyolipa bili za hospitali: mwenyekiti, mwekahazina, grupu la simu, na siku ya mchango mtu anapigiwa makofi mpaka anatoa hata nauli ya kurudi kwake. Mimi nilikuwa kidato cha nne, mfukoni mna tundu na ufutio, na nilitaka kompyuta. Nikajiuliza: maharusi wanachangiwa, marehemu wanachangiwa, mimi niliye katikati, sijaoa na sijafa, nimekosa nini?

Sababu nilikuwa nayo, tena ya kweli. Sisi tuliosoma somo la Kompyuta tulipewa mradi ambao alama zake zingeingia kwenye mtihani wa mwisho. Wangu ulikuwa mfumo wa maktaba: nani kaazima kitabu, lini, amekirudisha au amekifanya mto wa kulalia. Shuleni mashine zilizo hai zilikuwa chache, na zile zilizokufa zilikuwa zimefunikwa vitambaa kwa heshima. Mwalimu akatuambia mradi ufike mezani kwake siku ya kufungua shule baada ya likizo ya Aprili, umo kwenye flashi, na kwamba hadithi za flashi kuliwa na mbuzi ameshazisikia. Katika masomo mengine yote ripoti yangu ilisomeka kama taarifa ya ajali. Hilo moja tu ndilo lililomfanya Baba asite kila alipofungua mdomo kusema sina mbele wala nyuma. Likizama hilo, nimezama nalo.

Basi nikaandika kadi za mwaliko kwa mkono, zenye maua pembeni: "Kamati ya Maandalizi ya Kompyuta inayo furaha kukualika." Mama alipoisoma alicheka hadi akakaa. Baba hakucheka, lakini alivaa shati la kanisani, na hapo nikajua biashara imeiva.

Walikuja. Shangazi, dada yake Baba, alitoka Kiembeni akiwa amebeba kasha la kompyuta lililofungwa kwa leso mgongoni kama mtoto. Ofisi anakofanya usafi walikuwa wanatupa mashine za zamani, akaomba moja. Bodi na prosesa zimo, diski na kumbukumbu wameshazing'oa. Mjomba, kaka yake Mama, anayepakia mizigo uwanja wa ndege na kuishi Port Reitz, alisimama, akakohoa, akatoa mfukoni kijiti cha RAM kilichofungwa kwa karatasi ya fedha ya sigara. Hicho ndicho kinachoipa mashine kumbukumbu ya kufanyia kazi. Bila hicho inawaka lakini haina akili. Alikishika juu kama mtu anayeonyesha pete.

"Mimi, kwa niaba ya familia yangu," akasema. Mjomba hajaoa.

"Makofi ya kilo!" Shangazi akaamuru, na akapigiwa makofi ya kilo.

Mama alitoa diski, aliyoipata kwa fungu lake la chama cha kuweka akiba. Baba alitoa skrini na kibodi, alizozinunua kwa mwenye saiba mmoja, duka la kukodisha intaneti, aliyekuwa anafunga biashara. Mwisho akainuka Bibi mwenye nyumba. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, wa Mombasa ya zamani, na ploti yote ni yake pamoja na mita ya umeme. Hajui tunachojenga ni nini, lakini mkutano haumpiti.

"Mimi sina vyuma," akasema. "Natoa stima. Na meza ya marehemu mume wangu. Lakini meza yataka kufutwa kila siku, wasikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Bibi."

Nilimpigia makofi kuliko wote. Mpumbavu wee.

Kuunganisha kulinichukua Jumamosi nzima, na wallahi sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilipuliza vumbi la ofisi ya watu, nikalisafisha feni kwa mswaki wa zamani. Ule mlenda unaopakwa juu ya prosesa ili isichemke haukuwa kwenye bajeti, nikapaka dawa ya meno, kwa sababu kuna kijana kwenye video alipaka na akaishi. Mashine ilipopata joto, sebule ilinukia mnanaa. Nilibonyeza kitufe. Feni likaguna, taa ikawaka, skrini ikafanya bluu. Mama akapiga kigelegele, Bibi akajibu kwa chake kutoka uani. Nilisimama pale nikiwa nimeloa jasho, nikifikiri: yangu hii.

Yangu! Jumatatu nilipoamka, Baba, kabla ya kwenda kazini, ameshakaa kwenye kiti changu. Baba anaendesha foklifti kwenye bohari la makontena. Ungedhani mtu kama huyo akitoka kazini atataka kuona kitu kingine. Alikuwa anatazama video za foklifti za Japani.

"Tazama huyu," akaniambia bila kugeuka. "Anaingia kwa nafasi ndogo hivi. Hii ni kazi."

"Baba, nina mradi."

"Na skrini ni ya nani?"

Hapo ndipo nilipoielewa kamati. Aliyetoa kipande ametoa, ndiyo, lakini kipande hakijasahau kwao. Shangazi alikuja kila Jumamosi kuandika kumbukumbu za chama chake, kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Mjomba alikuja kuandika barua za kuomba kazi, kila barua akijiongezea cheo, hadi ile ya mwisho nusura aombe kuwa rubani. Mama alitaka video za kwaya. Wadogo zangu wawili, ambao hawakutoa hata skrubu, walitaka katuni kwa hoja kwamba wao ni watoto wa mwenye skrini na mwenye diski, kwa hiyo wana urithi.

Mimi nilikuwa na haki moja tu: kutotoka nje. Fundi lazima awepo. Nikichungulia mlangoni tu kuwatazama wenzangu wakicheza mpira kwenye vumbi la malori, nyuma yangu kunapigwa kelele, "Imeganda!" Haikuganda. Shangazi alikuwa amebonyeza kitu akaogopa. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kiti changu mwenyewe, kwenye sebule yenye dirisha moja, dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Joto la Aprili linashuka kutoka kwenye mabati, ndege zinapita juu yetu kwenda kutua hadi mazungumzo yanasimama na midomo inabaki wazi, na mimi nahesabu vigae vya sakafu. Usiku ungesema basi nitapata nafasi. Usiku sebule ni chumba chetu cha kulala, mimi na wale warithi wawili, na ikiwashwa taa mmoja analia na Baba anakohoa kile kikohozi chenye maana.

Nusu ya likizo ikaisha. Mfumo wangu wa maktaba ulikuwa na jina, na jedwali moja lenye kitabu kimoja.

Kwa hiyo nikaiua.

Ilikuwa rahisi mno. Mama amekwenda sokoni, Baba yuko kazini, warithi wako uani wanaoga. Nilifungua kasha, nikachomoa kijiti cha Mjomba, nikakitia kwenye mkebe wangu wa jiometri, kati ya bikari na ufutio. Nikafunga. Jioni Baba alipobonyeza kitufe, mashine ikalia bip, bip, bip, na skrini ikabaki nyeusi kama sufuria.

"Nini hii?"

Nikainama, nikasikiliza kwa sikio kama daktari. "Baba, hii ni bodi. Sijui kama itapona."

Mama akashika kifua. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini kidogo kile cha kijiko cha chai. Mpango wangu ulikuwa huu: wakikata tamaa, wataiacha. Wakiiacha, nitairudishia roho kimyakimya na kufanya kazi yangu.

Ulikuwa mpango mzuri sana isipokuwa kwa jambo moja. Nyumba yetu haina kimyakimya. Nyumba ya vyumba viwili na watu watano haibaki tupu hata kwa dakika za kupiga chafya. Na sasa mashine ilikuwa maiti rasmi. Mama aliifunika kitambaa. Majirani walikuja kutoa pole. Kila nilipoisogelea, mtu aliuliza, "Imepata nafuu?" Mwanzo nilikaa kando yake bila kuigusa kwa sababu wao walikuwa wanaitumia. Sasa nilikaa kando yake bila kuigusa kwa sababu yangu mwenyewe, na kijiti kiko kwenye mkebe, na mkebe uko kwenye begi, na begi liko miguuni pangu. Mfungwa mwenye ufunguo mfukoni, na asiyeweza kuutoa kwa sababu walinzi wote wanamwonea huruma.

Jumapili niliumwa na tumbo. Niliumwa vizuri, kwa mpangilio, kuanzia wakati wa uji. Mama akaniachia maji ya chumvi na sala, wakaenda kanisani wote. Mlango haujafungwa sawasawa kijiti kilikuwa kimeshaingia mahali pake. Ule mwanga wa bluu ulinikumbatia. Niliandika, nikachora majedwali, wasomaji wakaanza kuazima vitabu, mfumo ukawakataza wenye madeni. Ndege ikatua, sikuisikia. Sikusikia pia sauti ya kandambili uani.

"Shikamoo maiti," ikasema sauti dirishani.

Nililisahau dirisha. Linatazama ukuta, ndiyo, lakini kati ya dirisha na ukuta kuna upenyo, na Bibi mwenye nyumba hupita upenyo huo kuangalia mita yake. Yeye haendi kanisani.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, kwa sababu ulimi wangu umelelewa.

"Marahaba. Mamako yuwajua kwamba imefufuka?"

Bibi akaegemeza viwiko dirishani, akaitazama skrini, akanitazama mimi, akatazama tena skrini. Nilingoja anipigie kelele. Kumbe mambo mabaya zaidi yalikuwa njiani.

"Binti yangu yuko Maskati," akasema. "Amejifungua. Mimi mjukuu namwona kwenye simu, kidude kama punje ya mbaazi, kichwa hakijulikani wala kisogo. Hicho chako kikubwa. Kinaweza?"

"Kinaweza, Bibi, tukiunganisha na simu yako, lakini—"

"Basi mimi sikuona kitu," akasema, akazunguka kuingia ndani na simu yake.

Nilimuunganishia. Uso wa binti yake ukajaa skrini nzima, halafu uso wa mtoto, mkubwa kuliko sinia, amelala, mdomo wazi. Bibi akavuta kiti mpaka goti lake likagusa meza ya marehemu mume wake. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka tuliposikia sauti ya Mama barabarani. Nikazima mashine, nikachomoa kijiti. Bibi akapita mlangoni akimwambia Mama, "Nilikuja kumtazama mgonjwa. Tumbo lake halijatulia. Jumapili ijayo pia lataka kutazamwa."

Hesabu yenyewe unaiona. Jumapili zilizobaki zilikuwa mbili, na Bibi alikuwa ameshazichukua zote.

Jumapili ya pili mjukuu alipiga chafya na tuliitazama chafya ile hadi mwisho. Niliandika labda mistari minne, Bibi akienda chooni.

Halafu Shangazi akatuma ujumbe kwenye grupu. Kwa kuwa kompyuta imekufa, na kwa kuwa kamati imetimiza kazi yake, ni vyema kila mmoja achukue alichotoa, kwa amani na upendo. Kuna mtu Kiembeni amemwambia makasha matupu yana soko. Mkutano Alhamisi jioni. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Wakaja wote, na safari hii hakuna aliyevaa shati la kanisani. Mama alipika chai, kwa sababu hata kuvunja kunahitaji chai. Shangazi akasali kwa ufupi. Mjomba akapewa bisibisi, naye akakaa sakafuni na kasha kati ya miguu yake kama anayekuna nazi. Mimi nilisimama karibu na mlango, na mlango umezibwa na Bibi na kiti chake cha plastiki.

Mjomba akafungua. Akachungulia. Akawasha tochi ya simu, akachungulia tena.

"RAM yangu iko wapi?"

Chumba kizima kikageuka kunitazama.

"Niliitoa," nikasema. "Kuisafisha."

"Lini?" akauliza Shangazi. Huyu mwanamke huongoza chama cha akina mama thelathini. Hajawahi kudanganywa na mtu, na mtu huyo akabaki salama.

"Juzi."

"Na mashine ilikufa lini?"

"Kabla ya juzi."

"Kabla ya juzi ilikuwa imo?"

"Ilikuwa imo, ila ilikuwa chafu."

"Wewe uliionaje kuwa ni chafu bila kuitoa?"

Ndege ikatua. Sijawahi kuipenda ndege kiasi kile. Ilichukua muda wake, vikombe vikatetemeka kwenye sinia, na mimi nikapata nafasi ya kuinama, kufungua begi na kutoa mkebe. Kelele zilipoisha nilikuwa nimekishika kijiti mkono mmoja na ufutio mkono wa pili.

"Huku kwetu hewa ina chumvi," nikasema kwa sauti ya mwalimu wangu. "Inakula hii midomo ya dhahabu. Dawa yake ni hii." Nikaanza kusugua. Na si uongo, mafundi husafisha hivyohivyo. Nilisugua mbele, nikasugua nyuma, nikapuliza. Nikapiga magoti mbele ya Mjomba, nikakibana mahali pake hadi kikasema tak. Nikabonyeza kitufe.

Bip moja, nzuri. Bluu.

Mama akapiga kigelegele. Baba akanishika bega, na Baba si mtu wa kushika mabega. "Hii kijana," akawaambia wote, "hii kijana ni fundi." Mjomba akaanza kueleza kwamba alijua RAM ile ni nzuri tangu alipoinunua. Bibi peke yake hakusogea kwenye kiti chake.

"Mashallah," akasema polepole. "Ufutio huo ni mkali. Wafuta chumvi, wafuta na uongo."

Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Shangazi alikuwa ameshafungua ajenda nyingine. Kamati haivunjwi tena. Kuanzia leo, hakuna wa kuigusa mashine isipokuwa fundi, ili isiharibike. Mwenye kazi ailete, fundi ataandika. Yeye alikuwa na kumbukumbu za mikutano mitatu kwenye mkoba. Mjomba alikuwa na barua. Jirani mmoja, aliyeingia kufuata kigelegele, aliuliza kama ufutio ule unaweza kutibu redio. Wakanikalisha kwenye kiti. Kiti changu, hatimaye, na mikono minne juu ya mabega yangu ili nisiinuke.

Nilianza kuandika kuhusu chama cha Shangazi. Akina mama walioomba radhi kwa kutofika, ni hawa wafuatao. Nikaogopa kwamba nitalia mbele ya watu wote hawa na watadhani ni furaha.

Taa zikazimika. Feni la kasha likakata roho.

"Stima imepotea!" akasema Mama.

"Haikupotea," akasema Bibi kutoka gizani mwa uani. Hatukujua alitoka saa ngapi. "Nimeizima mimi."

"Bibi, kulikoni?" Baba akauliza.

"Huyu mtoto ana kazi ya shule. Nilimsikia siku ile ya michango akisema, na nyote mlimsikia. Stima nilimpa kwa hiyo kazi. Mpaka amalize, haiwaki kwa kwaya, haiwaki kwa barua, na haiwaki kwa hayo matrekta yako, baba."

"Foklifti," Baba akasema kwa sauti ndogo.

"Hata kwangu mimi haiwaki," Bibi akaongeza, na najua mimi peke yangu jinsi hilo lilivyomuuma.

Watu wakaguna. Shangazi akajaribu kuomba nusu saa tu, akajibiwa na giza. Mwisho wakakubali, lakini kwa sharti lao: fundi asichezee muda. Afanye mradi, mradi tu, na kamati iwepo kuhakikisha.

Basi ndivyo nilivyomaliza likizo. Stima ikarudi, na mimi nikakaa kwenye kiti kuanzia chai ya asubuhi hadi wakati wa wadogo zangu kutandika, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikijinyoosha, mtu anauliza kama nimechoka kwa kazi ipi. Nikitazama dirishani, namwona Bibi akipita upenyoni kuelekea kwenye mita, anatazama skrini, anaenda zake. Warithi walikaa sakafuni wakisubiri katuni kwa subira ya paka aliye jikoni. Mjomba alikuwa na barua yake mpya imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Pumzi zao nilizisikia shingoni. Sijawahi kusoma kwa bidii hivyo maishani, na sitaki kurudia.

Jumapili alasiri nikaweka kitabu cha mwisho kwenye maktaba yangu, nikamwazimisha msomaji wa mwisho, nikajaribu kila kitufe. Vyote vikafanya kazi. Nikahifadhi kwenye diski ya Mama, nikahifadhi tena kwenye flashi, nikaichomoa flashi na kuitia mfukoni, upande usio na tundu.

Nyuma yangu viti vikaburutwa mbele.

"Umemaliza?" akauliza Shangazi.

Nikashika mausi. Nikaipanua safu moja ya jedwali, nikaitazama, nikaipunguza tena.

"Bado," nikasema.